Jibu la Kuazima

Jumapili moja baada ya Misa, vijana wawili walitujia na shauri lao. Mmoja ni mtu wa Masisi, mwana wa wafugaji wa milimani. Wa pili ni mtu wa Walikale, mwana wa msituni. Walikuwa wameshindana kujaza fumbo la maneno, lile la vyumba vidogo vidogo, ambalo maneno yake hupishana, mengine yamelala na mengine yamesimama. Watu wa shule kwetu huliita kwa Kifaransa mots croisés. Zawadi ilikuwa madaftari mawili na kalamu. Kijana wa Masisi alijaza vyumba vyote, wala hakufuta hata kimoja. Mwenzake alibakiza vyumba saba vitupu. Basi yule wa kwanza akapewa zawadi, na watu wakampigia makofi. Kesho yake ikajulikana kwamba alikuwa na simu mfukoni. Alinunua mega, akaiuliza simu kila neno lililomshinda.

— Mwalimu, akasema yule wa Walikale, huyu ameiba.

— Sikuiba, akajibu mwenzake. Nilitafuta. Je, kutafuta ni dhambi?

Hatukujibu upesi. Kwa nini? Kwa sababu sisi wenyewe tumekaa jioni nyingi karibu na taa, fumbo mbele yetu na simu kando, na neno lilipotushinda mkono wetu ulikwenda wapi? Wasomaji wapenzi, mnajua.

Pengine wengine watatuambia: «Mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Masisi-centre, na mwezi wa Machi ikafika Walikale-centre. Watu wamekimbia na magodoro kichwani, nanyi mnatuletea habari za mchezo?» Ndiyo, tunaleta habari za mchezo. Mtu hujizoeza katika mambo madogo, na mazoea yale humfuata katika mambo makubwa.

Fumbo hili si la zamani sana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, alilitoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mwaka 1924 kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo kilitolewa Marekani, kikauzwa pamoja na kalamu ya risasi. Kalamu na kichwa tu, ndiyo vilikuwa vyombo vya kazi. Siku hizi viko vyombo vingine. Kimoja unakipa herufi ulizokwisha kupata, nacho kinakuletea maneno yote yanayoweza kuingia. Kingine unakisomea swali lenyewe, nacho kinakupa jibu. Tena michezo mingine ya simu ina mahali pa kugusa tu, na vyumba vyote vinajaa. Mwaka 2021 programu iitwayo Dr.Fill, iliyotungwa na Matt Ginsberg, ilipata alama nyingi kuliko watu wote katika mashindano makubwa ya mafumbo ya Marekani. Lakini programu hiyo haikujua hata kwamba imeshinda. Furaha ya kushinda ilibaki kwa watu.

Je, tuseme vyombo hivyo ni vibaya? Hapana, tusiseme hivyo upesi. Kwanza tutazame kila kazi inataka nini.

Mtu anayepeleka viazi vya Masisi mpaka Goma huvipakia juu ya chukudu. Hakuna anayemwambia: «Wewe mvivu, mbona hukubeba kichwani?» Nia yake ni viazi vifike sokoni. Muuguzi naye akisahau kipimo cha dawa ya mtoto, heri afungue kitabu au simu. Akiona haya, akajifanya anajua, anaweza kuua. Hapo kuuliza si aibu, ni wajibu. Tena tukumbuke utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mzee Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck habari hizo kwa muda wa siku 12, zote kutoka kichwani mwake. Biebuyck na Kahombo Mateene wakazitoa katika kitabu mwaka 1969. Kitabu hicho ni msaada, na kwa msaada huo hata sisi ambao hatukumsikia mzee yule tunaweza kuzisoma.

Lakini fumbo halifanani na viazi. Hakuna anayelingoja sokoni. Likijazwa au lisijazwe, hakuna atakayelala njaa. Tunda lake ni kule kutafuta kwenyewe: kichwa kinahangaika, neno lililosahauliwa tangu shule linaamka, kisha moyo unaruka. Anayeiachia simu kazi hiyo yote amefanana na mtu aliyemtuma mwingine akamchezee mpira, halafu yeye anajifuta jasho. Hakumwibia mtu, amejinyima mwenyewe.

Mashindano ni jambo la tatu, na mtihani pia. Hapo hatucheki tena. Anayeshindana anasema mbele ya wenzake: «Hiki kimetoka kwangu.» Ikiwa kimetoka kwenye simu, na wenzake walikatazwa simu au hawakujua habari yake, basi amesema uwongo, hata kama hakufungua kinywa. Na mtihani wa Serikali unaomaliza shule ya sekondari una hatari kuliko madaftari mawili. Diploma ni neno la heshima kwa watu wasiomjua kijana yule: «Mtu huyu anajua.» Kesho watamkabidhi watoto awafundishe, au wagonjwa awatunze, au daraja alijenge katika njia ya Sake kwenda Walikale, njia yenye mito na matope mengi. Mto hauulizi ulipata alama ngapi.

Katika Maandiko Matakatifu mko habari ya jambo hili. Samsoni alipooa huko Timna, aliwategea kitendawili vijana 30 wa karamu juu ya simba aliyemwua na asali aliyoikuta katika mzoga wake. Akawapa siku saba, na dau lilikuwa mavazi. Walipotafuta wakashindwa, walimtisha bibi arusi kwamba watamchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Yule mke akalia mpaka Samsoni akamwambia, naye akawaambia watu wake. Siku ya saba, kabla jua halijatua, wakatoa jibu, nalo lilikuwa sahihi kabisa. Lakini Samsoni alijua mara moja kwamba halikutoka vichwani mwao. Karamu ile ikaishia katika damu. Jibu lilikuwa la kweli. Njia ya kulipata ndiyo ilikuwa mbaya.

Na mara nyingine hata jibu si la kweli. Tuseme fumbo linauliza: mnyama mkubwa, herufi tano, ya kwanza ni T. Simu italeta tembo, italeta na twiga. Yote mawili yanaenea vyumbani. Utachagua lipi? Ngoja kwanza neno linalopishana nalo katika chumba cha tatu. Ukipata pale maziwa, herufi ni M; basi ni tembo, na twiga aondoke. Neno moja peke yake lisikutoshe. Tafuta shahidi wake. Hilo ndilo fundisho kubwa la fumbo, na mwenye haraka hulipoteza. Nasi wa Masisi na Walikale tunalihitaji kila siku. Ni mara ngapi simu imeleta habari kwamba kijiji fulani kimechomwa, au kwamba watu wa kabila fulani wanakuja, na watu wakaamini kwa sababu habari ile iliingia vizuri katika hofu yao? Iliingia, ndiyo. Lakini shahidi wake yuko wapi?

Basi, tufanye nini tunaposhindwa? Desturi ya vitendawili vya Kiswahili imekwisha kujibu. Mmoja anasema: «Kitendawili!» Wenzake wanaitika: «Tega!» Wakijaribu wakashindwa, mwenye kitendawili anasema: «Nipeni mji.» Wanampa mji, labda Goma, labda Kisangani, naye anautembelea kwa maneno, anakula na kunywa huko, watu wanacheka, kisha anatoa jibu. Tazameni busara ya wazee! Hawakumkataza mtu kuuliza. Lakini kwanza lazima ajaribu. Pili akiri mbele ya wote: «Nimeshindwa.» Tatu alipe mji wake. Hapo jibu linakuwa lake kwa haki, wala hatalisahau tena. Simu inatupa jibu pasipo kudai mji. Ndiyo sababu tunalipata asubuhi na jioni limekwisha kupotea.

Tukawaambia vijana wale hivi. Wewe wa Masisi, kutafuta si dhambi; kosa lako ni kuficha, na kupokea makofi yasiyo yako. Nawe wa Walikale, vyumba vyako saba vitupu si aibu. Ni habari ya kweli juu yako, na mtu anayejua asichokijua amekwisha kuanza kujifunza. Lakini usimwite mwenzako mwizi mbele ya watu, mwite kando.

Kijana wa Masisi alinyamaza kitambo. Kisha akatoa madaftari na kalamu, akamwekea mwenzake mezani. Yule akarudisha daftari moja. Tukaketi sote watatu juu ya vile vyumba saba, na simu tukaiweka mezani, mahali pa kuonekana na wote. Vyumba vitano vilijaa kwa vichwa vyetu. Kimoja tuliiuliza simu, tukaandika pembeni kwamba tumeuliza. Cha mwisho kikabaki kitupu, kwa maana mvua ilikuja na kila mtu akakimbilia kwake.

Ndugu msomaji, ukishindwa usione haya. Toa mji.