Kiongozi na Mwanzo wa Hadithi

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipozuru nchi ya Wasomali mwaka 1854, aliandika kwamba ardhi ile imejaa washairi. Hata leo, ukifika kwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iwe Wajir, Garissa au Mandera, utaona kuwa cheo peke yake hakimpi mtu masikio ya watu. Mzee anayeheshimiwa barazani ni yule anayejua kusema. Huanza mbali, akataja mababu, akataja kisima na nani alikichimba, malisho na namna yalivyogawanywa. Anapolifikia shauri lenyewe, wasikilizaji wameshalikubali nusu.

Kwa hiyo mtu wa Kaskazini Mashariki hahitaji semina ya kumfundisha kwamba masimulizi ni chombo cha uongozi. Anajua pia jambo ambalo sisi watu wa vikao vya ofisini hulisahau, kwamba chombo hiki kina makali kuwili. Maneno yanayotuliza baraza asubuhi yanaweza kuwatoa vijana na bunduki jioni.

Wajir iliyaonja hayo kuanzia mwaka 1992. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, na silaha zikavuka mpaka kwa urahisi. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 1992 ukaongeza chumvi kwenye kidonda, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikaingia vitani. Kila ukoo ulikuwa na masimulizi yake: watu wetu wameuawa, ngamia wetu wamechukuliwa. Mengi kati ya hayo hayakuwa uongo. Ila kila moja lilianzia siku ile wenzao walipokosea, na hadithi inayoanzia hapo haina pa kwenda ila kisasi. Uhasama ukafika hadi sokoni, muuzaji wa ukoo huu akawa hamuuzii mama wa ukoo ule.

Usiku mmoja katikati ya mwaka 1993, risasi zilirindima mjini, na mama mmoja kijana, Dekha Ibrahim Abdi, akajificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza. Kulipopambazuka, mama yake akamsimulia kwamba mwaka 1966, zama za vita vya shifta vya kutaka eneo hilo lijitenge na Kenya, yeye naye alimficha Dekha vivyo hivyo, chini ya kitanda, risasi zikipita. Dekha alizaliwa mwaka 1964. Hakuwa na umri wa kuyakumbuka. Baadaye alieleza kwamba maneno yale yalimtia hasira. Je, miaka 30 mbele, mtoto wake naye atakuwa chini ya kitanda akimkumbatia mwanawe?

Hebu ikague hadithi hiyo. Haimtaji aliyefyatua risasi. Haimsifu msimulizi, kwa maana anachokifanya humo ni kujificha tu. Na haikuanzia mwaka 1992, mwaka wa lawama. Imeanzia nyuma zaidi, mahali ambapo mama wa Degodia, wa Ajuran na wa Ogaden wote wanaweza kuingia bila kuona haya wala kujitetea. Hapo ndipo ninapoona kazi ya kiongozi. Matukio hayachagui, lakini anachagua hadithi ianzie wapi, na huo mwanzo ndio unaoamua nani atasikia inamhusu na nani atasikia anashtakiwa.

Kisha ikaja kazi. Dekha na wenzake waliwakutanisha wanawake wa koo mbalimbali, wakaunda kamati ya kulisimamia soko. Mtu akinyimwa bidhaa kwa sababu ya ukoo wake, habari ilipelekwa kwenye kamati na ikatatuliwa kabla haijawa kubwa. Baada ya akina mama wakaendewa wazee, na wa kwanza kuombwa kuwa wapatanishi walikuwa wale wa koo ndogo ambazo hazikuwa vitani. Septemba 1993 wazee wakakubaliana juu ya azimio la amani, Azimio la Al-Fatah. Vijana nao wakavutwa. Mwaka 1995 juhudi zote zikaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikiwa ndani ya mfumo wa utawala wa wilaya. Mwaka 2007 Dekha akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, alikuwa Nairobi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Jenerali Daniel Opande katika kundi la raia waliohangaikia amani. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Kuna upande wa pili ambao viongozi wengi hawaupendi, nao ni kusikiliza. Februari 1984, wanaume wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Serikali ilikuja kukiri vifo 57. Manusura wanahesabu kwa mamia, wengine kwa maelfu. Miaka mingi ilipita kabla Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano haijaketi Wajir, Aprili 2011, ikawasikia hadharani wajane na walionusurika. Ukiwa na watu waliobeba mzigo kama huo, usije na hadithi yako ya matumaini kabla hujaketi kuisikia yao. Watakupigia makofi kwa adabu, na hawatakufuata.

Makofi ya namna hiyo tunayafahamu hata huku kwetu. Siku hizi wakuu wa ofisi wanashauriwa wafungue mikutano kwa kisa badala ya takwimu, na ushauri wenyewe si mbaya. Nimemsikia mkuu mmoja akisimulia alivyotembea peku kwenda shule hadi akakalia kiti alichokalia. Alisimulia vizuri sana. Tulipotoka, mazungumzo ya kwenye ngazi yalikuwa juu ya marupurupu ambayo hayajalipwa. Shujaa wa hadithi yake alikuwa yeye, na sisi hatukuwa na nafasi humo ila ya kumshangilia.

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa chama cha akiba, msimamizi wa zamu hospitalini, kila mmoja ana watu waliogawanyika wanaomngoja aseme. Namshauri aitafute hadithi inayoanza kabla ya lawama, ambayo hata anayemchukia anaweza kujiona ndani yake. Akishaimaliza, asiwaache watu wakifuta machozi wakaenda zao. Awaambie kesho asubuhi nani anakwenda kwa nani, na kamati itakaa lini. Kama hana jambo la kuwapa walifanye baada ya hadithi, afadhali awasomee takwimu.