Kura Ilikuwa ya Nani?

Kila uchaguzi wa rais wa Marekani unapokaribia, sisi tunaoishi huku husikia onyo lile lile: usimpigie mgombea wa tatu, utamwibia fulani kura. Neno hilo, kuiba, hunisumbua. Hakiibwi ila kitu chenye mwenyewe.

Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537 kati ya takriban milioni sita. Kwa tofauti hiyo alitwaa wajumbe wote 25 wa jimbo, na kwa wajumbe hao akautwaa urais. Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata huko zaidi ya kura 97,000, na tangu siku hiyo lawama haikumtoka. Lakini ukiisoma orodha hadi chini utamkuta David McReynolds, msoshalisti, mwenye kura 622. Naye amezipita 537. Mbona hatajwi? Nadhani twamtafuta mkosaji anayelingana na ukubwa wa uchungu wetu. Hesabu huja baadaye.

Kura zile, basi, hazikuwa mali ya Gore. Alikuwa na haki ya kuziomba, aliziomba, akanyimwa.

Wengi huikatiza hoja hapa. Mimi siwezi. Asiye mwizi aweza bado kuwa na dhima. Mpiga kura aliyejua kwamba mizani ya jimbo lake imelingana, na aliyejua ni yupi kati ya wale wawili anayemhofia zaidi, hawezi kujikinga kwa usafi wa nia yake peke yake. Gharama ya kura huwaangukia hata wasio nayo: mhamiaji angojaye karatasi zake, mwanakijiji wa nchi itakayopigwa mabomu.

Tatizo ni kujua nani wa tatu. Wasomaji kutoka Kenya wanakumbuka mwaka 1992, Moi aliporudi Ikulu kwa takriban asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana karibu zote zilizosalia. Tuyaache madai ya hila. Kati ya watatu hao hakuna aliyekubali kwamba yeye ndiye wa ziada, nami sijui kwa kipimo gani ningemwambia mmojawapo ajitoe.

Jimbo la Maine, tangu uchaguzi wa rais wa 2020, humruhusu mpiga kura kuwapanga wagombea kwa daraja, hata wa kwanza akianguka, kura ihamie kwa wa pili. Florida iliupiga marufuku utaratibu huo mwaka 2022.