Kitabu na Kauli ya Mwanachuoni
Kwa Mwislamu wa Musoma, Bunda au Butiama anayesoma Kiswahili lakini haelewi Kiarabu, swali la nani mwenye kauli ya mwisho katika dini lilipata sura mpya mwaka 1969, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy alipotoa tafsiri kamili ya Qurani Takatifu kwa Kiswahili, ambayo kwayo msomaji aliweza kupima mwenyewe hoja za masheikh, hata kuhusu maulidi, ambayo baadhi huyaita bidaa, yaani uzushi katika dini. Hata hivyo, aya ya 59 ya Sura An-Nisaa, inayoamrisha mizozo irejeshwe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume, haimwondoi mwanachuoni, kwa kuwa tafsiri nayo ni kazi ya mwanadamu. Bali humdai dalili, ili taqlidi, yaani kufuata kauli ya mtu bila kujua hoja yake, isikalie kiti cha Kitabu.