Ndege wa Uani na Ndege wa Nuhusi

Katika darasa letu ndugu mmoja aliuliza: mtu mzima awekaye nafaka uani mwake ili ndege waje, kisha akakaa kuwatazama na kuwajua kwa majina, je, huo si upuuzi? Aliuliza kwa kicheko, na baadhi yetu tukacheka naye. Kicheko kile nimekijutia tangu tulipokwenda Mikinduri.

Mikinduri ni mji mdogo wa Meru, upande wa mashariki wa milima ya Nyambene, nchi ya miraa na mahindi. Mwenyeji wetu, mzee wa Kiislamu wa huko huko, ana gogo uani mwake. Juu yake huweka makombo ya wali, chembe za mtama na kipande cha papai, na kando bakuli la maji. Kisha baada ya kusali Alfajiri hukaa barazani kutazama. Alituonyesha shore, ambaye hujulikana kwa umanjano ulio chini ya mkia wake. Na kuzumburu wenye mikia mirefu, wakiliparamia papai mfano wa panya. Na chozi, ambaye hakuitaka nafaka, alikuja kwa ajili ya maua tu. Nilipostaajabu kwa ujuzi wake akaniambia, "Sheikh, majina haya ni ya Kiswahili chenu, na ndege hawa kwenu Pwani wapo." Mimi nilikuwa nikiwaita wote "ndege", basi.

Usiku, baada ya Isha, bundi akalia juu ya paa la ghala. Kijana mmoja wa msafara wetu akaokota jiwe, akasema huyo aja kumwita mtu. Mimi niitwaye sheikh, niliyesomesha mara nyingi hadithi ikanushayo tiyara, nilinyamaza, kwani moyo wangu nao ulishtuka. Aliyemshika kijana mkono ni yule mzee.

Asubuhi alitupeleka chini ya mti ambao bundi hulala mchana. Palikuwa na vidonge vyeusi vya manyoya na mifupa, ambavyo watoto wa jirani husema ni vitu vya wachawi. Mzee akakipasua kimoja kwa kijiti: ndani mna mafuvu na taya za panya. Bundi humeza panya mzima, kisha huyatapika yale ambayo tumbo halikuweza kuyasaga. Na ghala ile aliyoililia imejaa mahindi ya mzee.

Lugha yetu yenyewe yatushuhudia vibaya. Twasema ndege njema na ndege mbaya, tukikusudia bahati. Twasema ndege korofi. Na yuko ndege wa usiku tumwitaye mpasuasanda, kana kwamba sauti yake ni ya kuchanwa nguo ya maiti. Waarabu wa Jahiliya walikuwa hivyo hivyo, na neno tiyara limetokana na neno lao la ndege. Mtu akitaka kusafiri humtimua ndege: akiruka kuliani huenda, akiruka kushotoni hurudi. Na walidai kuwa aliyeuawa hutokwa na ndege mfano wa bundi, hama, akililia kisasi. Mtume s.a.w. aliyakanusha yote mawili kwa pamoja.

Kwa rai yangu ubaya wa itikadi hii hauishii katika ushirikina. Ndani yake mna kiburi pia. Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Surat al-An'am kwamba ndege ni umma mfano wetu. Umma una shughuli zake. Mwenye kudhani kuwa bundi ameacha windo lake na makinda yake yenye njaa, akaja kumpasha yeye khabari ya mauti yake, huyo hajamtazama bundi hata mara moja, ajitazama mwenyewe. Yule mzee na gogo lake ndiye aliyemtazama ndege.

Na kama huu ni upuuzi, tutasema nini juu ya Mtume s.a.w., aliyemuuliza mtoto Abu Umair khabari za kindege chake kwa jina la aina yake? Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alitoa katika hadithi hiyo faida 60. Na ad-Damiri, Mshafi wa Misri aliyefariki mwaka 808 Hijriya, alitunga kitabu kizima cha wanyama na ndege.

Ama khofu ya israfu, ina haki yake. Jirani akiwa na njaa, mtama ni wake kwanza, na hapo hapana mjadala. Lakini mzee hutoa makombo na mafagio ya ghala, na chombo hukiosha, kwani ndege wakusanyikapo penye uchafu huambukizana maradhi.

Kwetu Pwani iko taabu nyingine: kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukiweka wali, umewalisha wao. Mimi nimeanza kwa bakuli la maji na kipando cha maua, na chozi amekwisha kuja. Ndugu aliyeuliza na aje aone. Na mwenye dalili iliyo kinyume cha haya atuletee darasani.