Kumhukumu Marehemu: Tamthilia ya Mauaji ya Palme na Haki ya Asiyeweza Kujibu

Mnamo Novemba 2021 Netflix ilianza kuonyesha tamthilia ya Kiswidi iitwayo Den osannolika mördaren, yaani muuaji asiyedhaniwa. Ni msimu mmoja wenye sehemu 5. Mhusika mkuu ni Stig Engström, msanifu wa michoro katika kampuni ya bima ya Skandia jijini Stockholm, anayeigizwa na Robert Gustafsson. Katika tamthilia hiyo Engström ndiye anayempiga risasi Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme. Hadithi imetokana na kitabu kilichotoka mwaka 2018, kazi ya mwandishi wa habari Thomas Pettersson, aliyeyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi bila kutumwa na polisi wala serikali. Engström mwenyewe alifariki mwaka 2000. Hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo, wala hakusimama mbele ya hakimu kujibu lolote.

Swali linalozaliwa hapo ni zito kuliko lile la nani aliyefyatua bastola. Je, walio hai wana haki ya kumtangaza marehemu kuwa muuaji, hali hakuhukumiwa alipokuwa hai na sasa hana tena kinywa cha kujitetea?

Tukio lenyewe linajulikana kwa dakika zake. Usiku wa Ijumaa, tarehe 28 Februari 1986, Palme na mkewe Lisbeth walitoka kutazama filamu katika sinema ya Grand, barabara ya Sveavägen. Hawakuwa na walinzi. Saa 5:21 usiku, walipofika kona ya Tunnelgatan, mtu aliwajia kwa nyuma, akampiga Palme risasi ya mgongoni, na ya pili ikamparuza Lisbeth. Muuaji akakimbilia Tunnelgatan, akapanda ngazi zilizo mwisho wa njia hiyo, akapotelea gizani. Silaha haikupatikana. Juma moja kabla, Palme alikuwa amehutubia mkutano mkubwa wa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, hapohapo Stockholm, na kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, alikuwepo. Kwa hiyo Afrika nayo iliingia katika orodha ya dhana: mwaka 1996 Eugene de Kock, afisa wa polisi wa makaburu, alidai kwamba majasusi wa nchi yake walihusika. Watu zaidi ya 130 kwa nyakati mbalimbali walijitokeza wakidai kuwa wao ndio waliomuua.

Polisi walipokwama, raia waliingia kazini. Waswidi huwaita privatspanare, wapelelezi binafsi wasio na ofisi wala wateja, ambao walisoma majalada, wakapima hatua za kutoka kona hadi ngazi, na wakawatafuta mashahidi mmoja mmoja. Stieg Larsson, ambaye riwaya zake za upelelezi zilikuja kuvuma duniani baada ya kifo chake mwaka 2004, naye alikusanya nyaraka nyingi kuhusu mauaji haya. Si haki kuwadharau watu wa namna hii. Damu ya kiongozi ilimwagika barabarani mbele ya macho ya watu, na taifa lililojiamini likashindwa kumpata aliyeimwaga. Kutafuta ukweli katika hali hiyo ni kazi ya heshima.

Shida iko katika jinsi ushahidi unavyosomeka. Engström alifanya kazi hadi usiku siku ile, akatoka katika jengo la Skandia, lililo hatua chache kutoka kona ile, muda mfupi tu kabla ya risasi kulia. Mwenyewe alisema alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika, kwamba alijaribu kumsaidia majeruhi, na kwamba aliwakimbilia polisi ili awape habari. Alilalamika kuwa mtu aliyetajwa na baadhi ya mashahidi, mwenye koti jeusi na kofia, akikimbia, ni yeye shahidi, wala si muuaji. Polisi walimwona mtu wa maneno mengi apendaye kuandikwa magazetini, wakampuuza. Miongo mitatu baadaye mambo yaleyale yakasomwa kwa jicho jingine. Mavazi yanafanana kwa sababu ndiye. Alijipeleka kwa waandishi wa habari ili kuwahi kueleza kwa nini alionekana akikimbia. Mashahidi wengine hawakumkumbuka pale alipolala majeruhi kwa sababu hakuwepo. Zaidi ya hayo, alikuwa amejifunza kupiga shabaha, na mtu aliyefahamiana naye alikuwa na silaha nyingi.

Kila jambo katika orodha hiyo linabeba maana mbili, na hakuna hata moja linalomfunga mtu. Mpelelezi mwaminifu anaweza kuziona maana zote mbili, kisha akaielemea moja. Hiyo ni dhana, na dhana inaruhusiwa kuwa na nguvu. Tarehe 10 Juni 2020 mwendesha mashtaka Krister Petersson alilipeleka jambo mbele zaidi. Alitangaza hadharani kwamba Engström ndiye anayeaminika kuwa muuaji, kwamba marehemu hashtakiki, na kwa hiyo jalada linafungwa. Silaha haikuwepo mezani, wala alama ya kisayansi ya kumhusisha marehemu na mauaji. Tangazo hilo likachukua nafasi ya hukumu, na halikuwa na njia ya kukatiwa rufaa mahakamani.

Uzito wa rufaa unaonekana katika kesi hiyohiyo. Mwezi Julai 1989 Mahakama ya Wilaya ya Stockholm ilimtia hatiani Christer Pettersson, mtu mwenye historia ya vurugu na ulevi, ikampa kifungo cha maisha kwa mauaji ya Palme. Lisbeth Palme alikuwa amemtambua. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ya Svea iliupima ushahidi upya, ikamwachia huru. Ukweli wake wa ndani anaujua Mungu, lakini jambo moja ni wazi: alikuwa hai, alikuwa na wakili, na alipata nafasi ya pili. Engström hakupata hata ya kwanza.

Wako wanaosema kwamba maiti hadhuriki. Epikuro wa Ugiriki ya kale alifundisha kuwa kifo kinapokuja sisi hatupo, kwa hiyo hakuna la kumwumiza aliyekwisha kufa. Hoja hiyo ni safi kwenye karatasi, lakini haikubaliani na jinsi watu wanavyoishi popote. John Mbiti, padri na mwanafalsafa wa Kenya, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1969 akitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Marehemu, alisema, hubaki katika Sasa maadamu wako wanaomkumbuka kwa jina lake. Akishasahaulika ndipo huzama katika Zamani. Kwa kipimo cha Mbiti, Engström yumo katika Sasa kuliko alivyokuwa alipokufa, na jina analokumbukiwa kwalo amepewa na wengine. Anadhurika kwa maana hiyohiyo ambayo Palme anaheshimika.

Sheria nazo hazimwachi marehemu mikono mitupu. Sheria ya jinai ya Sweden inatambua kosa la kumkashifu marehemu, pale kashfa inapowaumiza waliobaki nyuma au kuvunja amani anayostahili aliyekufa. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa Urusi ilikosea kuendesha kesi dhidi ya mtaalamu wa kodi Sergei Magnitsky na kumtia hatiani akiwa amekwisha kufa.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupitwa juujuu. Palme naye ni marehemu. Kama aliyekufa ana haki juu ya jina lake, aliyeuawa ana haki juu ya damu yake, na wanawe wana haki ya kujua. Wanahistoria huwahukumu wafu kila siku. Bila hivyo wafanyabiashara wa watumwa na watawala wakatili wangelala salama makaburini mwao. Hilo ni kweli, na ndiyo maana haitoshi kusema tu kwamba marehemu asisemwe vibaya. Tofauti iko kwenye ushahidi. Mtawala huhukumiwa kwa amri alizotia saini na kwa makaburi aliyoyajaza. Mfanyakazi wa bima hawezi kuhukumiwa kwa koti, kofia na dakika chache.

Jambo la ajabu ni kwamba dini zimelishughulikia tatizo hili hasa, la mauaji yasiyo na muuaji anayejulikana, kwa makini kuliko dola ya kisasa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, maiti akionekana porini na aliyemuua hajulikani, wazee hupima umbali hadi mji ulio karibu zaidi. Wazee wa mji huo humleta ndama kwenye bonde lenye maji, wananawa mikono, wanakiri kwamba hawakumwaga damu ile wala hawakuona, na wanamwomba Mungu asiuache mji na hatia. Hakuna anayetafutwa wa kubebeshwa. Mji mzima unabeba uzito, na ibada inafanyika bila jina la muuaji.

Katika Uislamu kuna kiapo cha kasama. Chanzo chake ni kisa cha Abdullahi bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaibar. Ndugu zake waliwashuku wenyeji wa hapo. Mtume Muhammad aliwataka wale viapo 50 juu ya mtu wanayemtuhumu, nao wakasita: vipi tuape kwa jambo ambalo hatukulishuhudia? Wakaelezwa kwamba basi watuhumiwa waape kuwa hawana hatia. Ndugu hawakuridhika na viapo vyao. Mwishowe Mtume akalipa mwenyewe diya ya ngamia 100, ili damu ya yule mtu isipotee bure. Ndugu wale walikuwa na uchungu wote na dhana yenye nguvu, na bado ndimi zao ziligoma kumtaja mtu kwa kiapo. Damu ililipwa, na hakuna aliyeitwa muuaji bila uthibitisho. Sura ya Hujurat, aya ya 12, inakwenda mbali zaidi kwa kukataza dhana nyingi na kuchunguzana, na inafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Wanazuoni wameruhusu uchunguzi pale haki ya damu inapodai, lakini ruhusa ya kuchunguza haijawahi kuwa ruhusa ya kutangaza.

Sweden ya mwaka 2020 haikuwa na ndama wala diya. Ilikuwa na jalada la miaka 34 na uchovu mkubwa, na ikatafuta jina la kulifungia.

Tamthilia iliongeza kile ambacho kitabu hakiwezi kufanya. Kitabu cha Thomas Pettersson kinajenga hoja, na msomaji anaweza kusimama kwenye ukurasa akapinga. Tamthilia huonyesha mkono na bastola. Watayarishaji waliwatahadharisha watazamaji kwamba hatia ya Engström haikuthibitishwa, lakini maandishi ya sekunde chache hayafui dafu mbele ya saa kadhaa za sura moja ikiua, ikidanganya, ikinywa na kuporomoka. Wasomaji wa Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale, wanajua raha ya fumbo linapofumbuliwa. Raha hiyo ni halali kwa sababu watu wa Bwana Msa hawakuwahi kuzaliwa. Engström alizaliwa, akaoa, akafanya kazi, na waliomfahamu wangali miongoni mwa watazamaji.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa moja kwa wote. Mpelelezi binafsi alikuwa na haki ya kutafuta, na ya kuandika dhana yake mradi aiite dhana. Mwendesha mashtaka alipaswa kulifunga jalada kwa kusema kwamba muuaji hajulikani. Nao waliotengeneza tamthilia, kama walitaka kueleza jinsi taifa linavyoshindwa kuishi na swali lisilojibiwa, walipaswa kumbunia mhusika jina lingine.