Unyenyekevu na Haki Mbele za Mungu

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, unyenyekevu ni fadhila ya kujijua: mtu hutambua kwamba ameumbwa, kwamba ametenda dhambi, na kwamba jema lolote alilo nalo amepewa. Haki mbele za Mungu ni hali ya mtu aliyesamehewa, akafanywa upya moyoni na kupatanishwa na Muumba wake. Mambo haya mawili yanavutana. Mwenye haki akijitazama ataona wema wa kweli, na akiupenda mno kuutazama ataupoteza. Mnyenyekevu naye akikana kwamba ana jema lolote, anakana kazi ya Mungu ndani yake. Swali basi ni hili: mtu anawezaje kuwa mwenye haki, akajua kwamba ametendewa mema, asijikweze?

Msingi wa jibu la Kikatoliki umo katika Injili ya Luka, sura ya 18, penye mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Farisayo hakusema uongo. Alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, hata akaanza sala yake kwa kumshukuru Mungu. Kosa lake lina pande mbili. Kwanza, aliyahesabu matendo yake kama mali yake mwenyewe, na shukrani ikageuka orodha ya sifa zake. Pili, alijipima kwa jirani: alihitaji mtoza ushuru awe mbaya ili yeye aonekane mwema. Mtoza ushuru hakuwa na cha kuhesabu, akaomba rehema tu, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Mfano huo haufundishi kwamba matendo mema hayana maana. Kanisa lililipambanua jambo hili katika mabishano mawili makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio alishikilia kwamba binadamu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa nguvu za hiari yake. Agostino wa Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, alimpinga akisema kwamba hata nia ya kutenda mema huamshwa na neema, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukakataa mafundisho ya Pelagio. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika mabishano na Waprotestanti, Mtaguso wa Trento ulitoa hati yake juu ya kuhesabiwa haki, tarehe 13 Januari 1547. Ulifundisha kwamba mwanzo wa haki ni neema ya Mungu isiyostahiliwa, lakini binadamu huikubali kwa hiari na kushirikiana nayo, na haki hiyo humbadilisha kwa ndani.

Mkazi wa Kaloleni, kaunti ya Kilifi katika pwani ya Kenya, kwenye nchi ya minazi ya Wagiriama, anaweza kulipima fundisho hilo kwa kazi ya mgema. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara na kutega chombo chake. Tembo halitoki mkononi mwake, bali mtini. Lakini asipopanda, hapati tone. Jitihada yake ni ya kweli, na bado anachoteremka nacho amepewa. Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji inaonyesha hatari inayofuata: sifa humsahaulisha chanzo, na kazi yenyewe huharibika. Ndiyo maana Mathayo sura ya 6 inataka sadaka, sala na kufunga vifanyike kwa siri.

Kaloleni haikungoja Ukristo ili ijue kunyenyekea mbele ya Muumba. Wazee wa kaya za Wamijikenda, makao yao matakatifu ya msituni, ikiwemo Kaya Fungo ya Wagiriama, wamekuwa wakimwomba Mulungu mvua na amani, na anayevunja miiko ya msitu wa kaya hutozwa mnyama ili kosa lisafishwe. Mila hii ina hisia nzito kwamba kosa la mmoja huichafua jamii nzima na kwamba lazima lirekebishwe. Ukatoliki unaafiki kwamba kosa hudai malipizi, lakini unatofautiana katika mpangilio. Katika sakramenti ya Kitubio, malipizi hayanunui msamaha. Msamaha hutolewa kwa ajili ya Kristo, na malipizi ni njia ya aliyesamehewa kurekebisha alichoharibu. Aliyeiba anasamehewa bure, ila kilichoibwa lazima kirudi kwa mwenyewe.

Namna ya kueleza haki mbele za Mungu iliwahi kuwagawa Wakristo, na mgawanyiko huo ulifika pwani hii pamoja na wamisionari. Krapf na Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana, walianza kituo cha Rabai mwaka 1846. Wamethodisti walifika Ribe mwaka 1862, na mwaka uliofuata mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaingia Zanzibar. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: binadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa mastahili yake, na neema hiyo humwita kutenda mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na mwaka 2016 Baraza la Ushauri la Waanglikana likaunga mkono kiini chake. Mkatoliki wa Kaloleni na jirani yake Mwanglikana hawana tena sababu ya kubishana kuhusu nani huanza, Mungu au mtu.

Kinachobaki ni kujua unyenyekevu wa kweli hutambulikaje. Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, anatoa kipimo. Kwa maoni yake mtu halazimiki kujiona duni kuliko wote katika kila jambo, kwa kuwa huko kungekuwa kudharau vipaji vya Mungu. Anatakiwa kulinganisha kilicho chake mwenyewe, yaani upungufu wake, na kilicho cha Mungu ndani ya jirani. Kwa kipimo hicho kila jirani anastahili heshima, hata mkosaji. Thomas pia hauweki unyenyekevu kileleni mwa fadhila: imani, tumaini na mapendo viko juu yake. Kazi ya unyenyekevu ni kuondoa kiburi kinachoizuia neema.

Kipimo hicho hufichua upotovu wa aina mbili ulioumiza kaunti ya Kilifi. Wa kwanza ni tuhuma za uchawi dhidi ya wazee, ambazo zimesababisha mauaji na mara nyingi huhusishwa na ugomvi wa ardhi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la walionusurika. Kwa jicho la teolojia, hili ni kosa la Farisayo lililoshika panga: ukoo hujihesabia haki kwa kumbebesha mzee mmoja ubaya wote. Mwenye kuikiri dhambi yake mwenyewe hahitaji mchawi wa kubeba lawama.

Upotovu wa pili ulionekana katika msitu wa Shakahola, Malindi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Waendesha mashtaka wanadai kwamba wafuasi wa Good News International Church waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Mafundisho ya Kikatoliki yanaelekea upande mwingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inalazimisha kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa watu wazima ambao hawajaanza mwaka wa 60. Watoto hawamo. Mwili ni zawadi, na kuuangamiza si kujinyenyekeza, bali ni kujitwalia mamlaka juu ya uhai ambao si mali ya mtu.

Unyenyekevu na haki hukutana, kwa hiyo, katika kukiri ukweli wa aina tatu: kwamba dhambi ni yangu, wema niliopewa ni halisi, na chanzo chake si mimi. Anayekataa wa kwanza huwa Farisayo, anayekataa wa pili hujidharau hadi kujidhuru, na anayekataa wa tatu hurudia kosa la Pelagio. Ukweli huo hujaribiwa katika mambo ya kawaida: katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambapo tajiri na fukara husali pamoja nyumba kwa nyumba, katika kurudisha mali ya mtu, na katika kumtetea mzee anayenyooshewa kidole. Anayetenda hayo bila kudai sifa ameshika vyote viwili kwa pamoja.