Ifuate Damu, Mwanangu

Mwanangu, kaa kidogo. Najua kompyuta yako imewaka na una hamu ya kujenga modeli ya dawa mwilini na kuona mstari wake ukipanda na kushuka. Utauona. Lakini kabla hujaandika mlinganyo hata mmoja, niambie: dawa ikishaingia mshipani, inakwenda wapi kwanza?

Mwalimu wangu hakuturuhusu kugusa hesabu mpaka tuuchore mwili kwa mkono. Mapafu, moyo, ubongo, ini, figo, misuli, mafuta. Kila kiungo na kisanduku chake, mshale wa damu ukiingia na mwingine ukitoka. Kisha kila mshale tuuandikie kiasi chake. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika. Ini hupata karibu lita 1.5, figo zaidi ya lita 1, ubongo kama mililita 700. Tulinung'unika kwamba tunacheleweshwa. Leo naona kazi yenyewe ilikuwa pale. Na njia hii ni ya zamani: mtafiti Torsten Teorell wa Uppsala, Sweden, aliiandika mwaka 1937, kabla hazijakuwepo kompyuta za kuikokotoa.

Chukua thiopentali, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa akichomwa mshipani, hulala ndani ya dakika moja. Akipewa dozi moja tu, baada ya dakika chache huamka. Kwa nini, na ini bado halijaivunja sehemu kubwa? Miaka ya 1950 wataalamu walisema imekimbilia kwenye mafuta, kwa kuwa huyeyuka vizuri humo. Jibu lilikuwa jepesi, likaaminika. Mwaka 1960 mtafiti Henry Price akapiga hesabu ya damu inayofikia kila sehemu ya mwili. Mafuta ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Yanabeba dawa nyingi, lakini damu inayoyafikia ni kidogo, hivyo hujaa polepole, kwa saa nyingi. Vinavyoipokea kwanza dawa inayotoka ubongoni ni misuli na viungo vingine visivyo na mafuta mengi. Umeona, mwanangu? Jibu lilipatikana kwa subira ya kuuliza damu inapita wapi, na kwa kasi gani.

Subira hiyo ikikosekana, watu hufa. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto njiti waliopewa kiuavijasumu kloramfenikoli. Matumbo yalivimba, ngozi ikageuka kijivu, wengi wakafariki. Maini yao yalikuwa hayajakomaa kuibadilisha dawa ile, wala figo zao kuitoa. Ikarundikana. Waliowatibu walikuwa na nia njema kabisa. Kwa hiyo ukijenga modeli ya mtoto, usigawanye dozi ya mtu mzima kwa kilo pekee. Kichanga ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Mama mjamzito, damu yake imeongezeka. Mwenye utapiamlo mkali, protini za damu yake zimepungua, na sehemu kubwa zaidi ya dawa huenda ikabaki huru, bila kushikwa nazo. Hawa ndio wagonjwa wetu, na ndio wanaosahauliwa na mwenye haraka.

Siku moja mstari wako utakataa kupita kwenye vipimo vya wagonjwa. Utatamani kuigusa namba moja, kisha nyingine, mpaka ukae sawa. Usifanye hivyo, mwanangu. Mstari uliolazimishwa utakubaliana na wagonjwa uliokwisha kuwapima, kisha utakusaliti kwa yule ambaye hujampima, na huyo ndiye uliyemjengea modeli. Rudi kwenye mchoro wa mwili. Pita kiungo kwa kiungo: kinapata damu kiasi gani, dawa inashikwa na nini humo, nani anaivunja, nani anaitoa. Ukilikuta ulilolisahau, hapo ndipo utakapokuwa umeujua mwili zaidi ya jana. Kazi hiyo ikikuchelewesha, kubali kuchelewa. Dozi utakayoiandika itaingia kwenye mwili wa mtu.